Kutoka Kitongojini Hadi Meza ya Halmashauri

Tanzania Bara ina vitongoji zaidi ya 64,000, vijiji zaidi ya 12,000, kata zisizofika 4,000 na halmashauri 184. Anayetia nia ya siasa akiwa kijijini aitazame hesabu hiyo kabla hajashona suti. Kutoka kitongoji kwenda kijiji, watano wanagombania kiti kimoja. Kutoka kijiji kwenda kata, watatu. Kutoka kata kwenda kiti cha mwenyekiti wa halmashauri, ishirini na zaidi. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa miaka ya kuandaa mikutano, kujaza fomu, kulinda kura na kusoma makabrasha na watu waliopanda ngazi hiyo, wengine wakafika, wengine wakaporomoka katikati.

Kwanza tuondoe dhana moja, kwamba wakubwa waliotoka vijijini walianzia kitongojini. Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 alijulikana nchi nzima kama mtoto wa mkulima, na ni kweli. Lakini hakupanda kwa ngazi ya kitongoji. Alisomea sheria, akatumikia serikali miaka mingi, ndipo akaingia bungeni mwaka 2000 kwa jimbo la Mpanda Mashariki. Kassim Majaliwa alikuwa mwalimu, baadaye mkuu wa wilaya, kisha mbunge wa Ruangwa mwaka 2010. John Magufuli alishika chaki Sengerema kabla ya ubunge wa 1995. Edward Sokoine, mtoto wa wafugaji wa Monduli, alitumikia halmashauri ya Wamasai kabla ya kuwa mbunge mwaka 1965. Wote walitoka vijijini, ila walipandia ngazi ya ajira: shule, ofisi, kisha jimbo. Ngazi ya pili, ya yule asiyeondoka kijijini, ina vipimo vyake na huwa haifiki Dodoma. Mara nyingi huishia kwenye halmashauri, na huko si padogo hata kidogo. Hiyo ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Kitongoji ndiko watu wanakodharau na ndiko mambo yanakoamuliwa. Mwenyekiti wa kitongoji hana mshahara. Anachopata ni kuingia moja kwa moja kwenye halmashauri ya kijiji, chombo chenye wajumbe 15 hadi 25. Humo ndimo anapojifunza, au anaposhindwa kujifunza, kazi tatu: kuitisha kikao, kusikiliza ugomvi bila kuegemea, na kutunza karatasi. Ya tatu ndiyo adimu. Vijiji vingi muhtasari unaandikwa na mtendaji peke yake, siku tatu baada ya kikao, kwa kukumbuka. Mwenyekiti mwenye daftari lake la kaunta, lenye tarehe, idadi ya waliohudhuria na azimio lililofikiwa, baada ya miaka miwili anakuwa kumbukumbu ya kijiji kizima. Mzee akibishiwa mpaka wa shamba, atamfuata. Kamati ya shule ikibadilishwa na wapya wakadai hawakukabidhiwa kitu, watamfuata. Huo ndio mtaji, na gharama yake ni bei ya daftari.

Barua za utambulisho nazo zina hesabu yake. Mtu anakuja kuomba barua ya kwenda benki, polisi au kumtoa ndugu hospitali. Ukimtoza elfu mbili ya soda, utazipata. Katika kijiji cha kaya mia mbili, baada ya mwaka kila nyumba ina mtu aliyekulipa, na hakuna hata mmoja anayeisahau siku ya kura.

Msibani, wahi. Si lazima uchangie sana, ila uwepo tangu kaburi linachimbwa na ushike jembe. Wagombea wengi hufika wakati wa matangazo, wameshavaa, wanaomba dakika mbili za kusema. Watu husikiliza kwa adabu, kisha wanaulizana: huyu tangu lini?

Sasa mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huu ndio jukwaa halisi la kupandia, na wengi huukwepa kwa kuogopa kuulizwa fedha. Tuseme kijiji kina kaya 214, na mchango wa darasa ni shilingi 10,000 kwa kaya. Lengo ni 2,140,000. Zimekusanywa 1,630,000. Mwenyekiti asiyejua kazi ataanza na hotuba ya mshikamano, atawalaumu wasiochanga kwa majina, kisha atasema fedha "imetumika vizuri". Hapo ndipo vijana wa nyuma wanapoanza kupiga miluzi. Anayejua kazi anaanza na namba, taratibu, akirudia mara mbili: tulipaswa kupata kiasi hiki, tumepata kiasi hiki, hazijafika 510,000, ambazo ni kaya 51. Kisha anasoma matumizi kwa kutaja kitu, idadi, bei na namba ya stakabadhi. Simenti mifuko 30, kwa bei gani, stakabadhi namba ngapi, dukani kwa nani. Mchanga tripu nne. Posho ya fundi, siku ngapi. Salio lipo wapi, benki au kwa mhazini. Nakala inabandikwa kwenye mbao ya matangazo kabla watu hawajatawanyika. Wasiochanga hawatajwi hadharani. Wajumbe wa vitongoji wanawafuata nyumbani, na humo mara nyingi wanakuta mjane au mgonjwa ambaye angeaibishwa bure.

Tumeona mtu akishinda kata nzima kwa sababu ya karatasi ya namna hiyo iliyopigwa picha na kusambazwa kwenye simu. Hakuigharamia hata senti.

Simenti ituchukue kidogo, kwa kuwa ujenzi wa nguvu za wananchi ndio uwanja wa mazoezi wa mwanasiasa wa kijijini. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa tofali 30 hadi 35 za inchi sita zenye kusimama. Fundi akikuahidi 50, ujue tofali hizo zitabonyea kwa kidole baada ya masika ya kwanza, na jina litakalotajwa si la fundi. Tofali zimwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, zikiwa kivulini au zimefunikwa nyasi. Zamu ya kumwagilia iandikwe kwa vitongoji. Ikiachwa kwa "wote" hakuna atakayekuja. Mchanga upimwe ukiwa bado ndani ya lori. Ukishamwagwa chini, tripu nusu na tripu nzima zinafanana kwa jicho la mwenyekiti aliyechelewa.

La maana zaidi ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi ya mwisho wa mwaka na kupitishwa na baraza mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Boma lililofika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mwezi wa Novemba linaweza kuingizwa kwenye orodha ya maboma ya kukamilishwa, halmashauri ikaezeka na kupiga lipu. Boma lile lile likifika lenta mwezi wa Aprili limekosa basi, litakaa mwaka mzima likinyeshewa, na wananchi watakuuliza jasho lao limekwenda wapi. Wenyeviti wenye sifa ya "kuleta maendeleo" hawana mjomba wizarani. Wanajua tu kuhesabu miezi kurudi nyuma kutoka Julai.

Mwaka 2021 serikali ilipojenga vyumba 15,000 vya madarasa kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, shilingi milioni 20 kwa chumba, tofauti hiyo ilionekana wazi. Kazi ilifanywa kwa force account: mafundi wa hapo hapo, vifaa vinanunuliwa moja kwa moja, na kamati tatu za wananchi, ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Palipokuwa na kiongozi aliyeelewa kwa nini kamati zimegawanywa tatu, kwamba anayenunua asiwe ndiye anayepokea, chumba kilikamilika na meza zikaingia. Palipokuwa na mwenyekiti aliyewapanga shemeji zake kwenye zote tatu, nondo za milimita 12 zilifika zikiwa za 10, na aliyepaswa kuzikataa ndiye aliyezinunua.

Ardhi ndiyo inayowaangusha wengi kuliko fedha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inaizuia kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mwekezaji, au mtu wa mjini mwenye gari zuri, hataki kusubiri mkutano. Anataka muhtasari wenye sahihi. Njia ya mkato huwa ile ile: karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa chanjo au wa mbolea ya ruzuku inang'olewa na kuambatanishwa kwenye muhtasari wa kugawa ekari 200. Sahihi ni za kweli, mkutano ni wa uongo. Inachukua miaka mitatu au minne kugundulika, hasa siku trekta linapoingia kwenye malisho, na kwa kawaida ni kipindi ambacho mwenyekiti huyo ameshachukua fomu ya udiwani. Dawa yake ni ndogo: kila karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake tarehe na ajenda kwa wino kabla mtu wa kwanza hajasaini. Mwenyekiti anayesisitiza hilo ataitwa mkorofi kwa mwezi mmoja.

Kuhusu muda wa kupanda. Uchaguzi wa serikali za mitaa hutangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja hivi: Novemba 2019 kisha Oktoba 2020, Novemba 2024 kisha Oktoba 2025. Aliyechaguliwa mwenyekiti wa kijiji Novemba na akataka udiwani Oktoba ana miezi 11 tu ya kuonyesha kazi, na wanakijiji wanamwona kama mtu aliyekanyaga bega lao. Walioshika vizuri walikaa kipindi kizima. Pia mwenyekiti wa kijiji anakaa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, inayoongozwa na diwani, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Humo anakutana na wenyeviti wenzake wa vijiji vingine. Hao ndio watakaomfungulia mlango au kumfungia. Akiwa mtu wa kuvuta kila mradi kijijini kwake, atakuwa shujaa wa kijiji kimoja, na kata yenye vijiji vinne huhitaji angalau viwili na nusu. Tunamfahamu wa aina hii katika karibu kila wilaya: kura zote za kwao, sifuri kwingine.

Sheria haimruhusu mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo Arusha, ilisema mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini sheria haijabadilika. Kwa hiyo ni lazima upite kwenye chama, na ndani ya chama kuna uchaguzi kabla ya uchaguzi. Kwenye CCM, ambako ndiko wengi wa vijijini hupitia, kura za maoni hufuatwa na vikao, na jina la mgombea udiwani huamuliwa mwishoni na Halmashauri Kuu ya chama ya mkoa. Kuongoza kura za maoni si kuteuliwa. Mwaka 2020 wako walioongoza kwa ubunge na majina yao hayakurudi. Mtu asiyelijua hili hufanya sherehe usiku ule ule, anachinja mbuzi, na wiki mbili baadaye anaaibika. Anayelijua hunyamaza, anawashukuru wajumbe kwa simu moja moja, kisha anawaendea walioshindwa wawili wa juu kabla hawajaandika malalamiko. Barua ya malalamiko ya mshindwa ndiyo karatasi inayosomwa kwa makini kuliko zote mkoani.

Wajumbe hao wanaopiga kura za maoni watakuomba. Nauli, vocha, sare ya harusi, ada ya mtoto. Zamani kulikuwa na takrima, sheria iliyoruhusu "ukarimu wa kiasili" wakati wa uchaguzi, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Bahasha haikufa, ilibadili mkono tu. Sasa inapita kwa mpambe. Uzoefu unaonyesha jambo ambalo watia nia hawaliamini mpaka wameungua: mjumbe aliyepokea kwa watu watatu hadaiwi uaminifu na yeyote, na wewe huwezi kumdai risiti. Walioshinda bila bahasha walikuwa na kitu kingine cha kukumbukwa nacho, nacho kilikuwa kimeshafanyika miaka mitatu kabla. Hakuna anayeweza kukitengeneza wiki ya mwisho.

Fomu nazo ni kaburi la wengi. Ya udiwani ni Namba 8C, inarudishwa kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi ngazi ya kata kabla ya saa 10:00 jioni siku ya uteuzi. Mwaka 2019, kwenye uchaguzi wa vijiji na vitongoji, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa sababu za fomu na CHADEMA ikajitoa. Mtu anaweza kubishana kutwa kama ilikuwa haki. Sisi tunasema jaza fomu kana kwamba anayeipokea anatafuta sababu. Majina matatu yafuate mpangilio ule ule wa kitambulisho na wa daftari la wapigakura, herufi kwa herufi. Kama ni Mwanaidi kwenye kadi, usiandike Mwanahidi kwa kuwa ndivyo mama anavyolitamka. Usifupishe jina la chama. Usiache nafasi wazi. Kama haihusiki, piga mstari. Tamko linasainiwa mbele ya hakimu, na hakimu wa mahakama ya mwanzo ya eneo lako anaweza kuwa safarini siku hiyo, kwa hiyo nenda mapema. Wadhamini wawe zaidi ya idadi inayotakiwa na kila mmoja ahakikishwe kwenye daftari la kata hiyo hiyo, maana shangazi yako aliyejiandikisha kata ya jirani anaweza kukuondoa. Piga picha kila ukurasa kabla ya kukabidhi. Dai uthibitisho wa kupokelewa wenye saa. Na usirudishe saa tisa na nusu. Pikipiki huharibika siku hiyo tu.

Kampeni ya kata ya vijijini haihitaji magari. Inahitaji pikipiki mbili zenye madereva wanaojulikana, kipaza sauti kinachotumia betri, mwendeshaji mmoja wa ratiba, na mtu mmoja mwenye nidhamu wa kushika fedha ambaye si ndugu. Mikutano midogo ya vitongoji, watu 40 chini ya mwembe, inazaa kura kuliko mkutano mmoja wa uwanjani. Kwenye ule wa uwanjani nusu ya waliokuja ni watoto na waliofuata ngoma. Kitongojini unaweza kuulizwa swali la kisima na ukajibu kwa kutaja kina cha kisima, pampu iliyoharibika na kipuri kinachokosekana. Ahadi za vijijini zipimwe kwa mamlaka ya diwani. Diwani hawezi kuleta lami. Barabara za wilaya zipo chini ya wakala wa serikali, TARURA, na maji vijijini yapo chini ya mwingine, RUWASA. Anachoweza ni kusukuma, kuandika, kuhudhuria na kuhoji. Anayeahidi lami hupigiwa makofi kwa jioni moja, halafu kwa miaka mitano anaitwa Mheshimiwa Lami.

Siku ya kura, ushindi unalindwa na mawakala, na mawakala hulindwa na chakula. Linaonekana jambo dogo. Wakala anaingia kituoni alfajiri kabla ya saa moja, hatoki mpaka matokeo yamebandikwa. Ikifika saa kumi jioni hana kitu tumboni tangu chai ya saa kumi na moja, na upande wa pili unamletea pilau. Anatoka kidogo tu. Anaporudi, kuhesabu kumeanza. Wagombea walioibiwa kura, au wanaoamini waliibiwa, wakiulizwa saa ya tukio hutaja muda huu huu. Panga chakula cha mchana na cha jioni, maji, tochi yenye betri mpya, kalamu mbili. Mfundishe kuhesabu kwa mistari mitano mitano kwenye karatasi yake mwenyewe. Mwambie asisaini fomu ya matokeo, 21C kwa udiwani, kabla namba hazijalingana na za kwake, na asiondoke bila nakala. Nakala hizo zikusanywe na mtu mmoja usiku ule ule. Malalamiko yasiyo na nakala ni masimulizi.

Akishashinda, mtoto wa mkulima anakuta mlima wa pili ambao hakuna aliyemwambia: makabrasha. Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka, na kitabu cha taarifa kinaweza kuwa na kurasa mia mbili, kimejaa majedwali, kikaletwa jana yake jioni. Wengi hukifungua siku ya kikao kwa kutafuta jina la kata yao, wakiliona wanafunga. Njia ya kukisoma kwa usiku mmoja ipo. Anza na mapato ya ndani: makisio, yaliyokusanywa, asilimia. Nenda kwenye fedha za miradi zilizopokelewa na tarehe zilipoingia, siyo zilizoidhinishwa, kwa kuwa mradi "ulioidhinishwa" haujengi choo. Kisha hoja za Mkaguzi Mkuu ambazo hazijafungwa. Mwisho ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na vikundi vya kwako havijui kama viliachwa au vilikosea fomu. Swali moja lenye ukurasa na mstari, likiulizwa kwa upole, linamfanya mkuu wa idara akukumbuke kwa miaka mitano.

Diwani asisahau kwamba mkurugenzi mtendaji ndiye mwenye kalamu ya malipo, naye huteuliwa na Rais. Kumgombeza mkurugenzi hadharani kunapendeza wapigakura wanaosikiliza dirishani, na kunachelewesha mradi wako bila mtu kusema kwamba unacheleweshwa. Wanaofanikiwa huandika. "Rejea kikao cha robo ya pili, azimio namba nane." Mtumishi wa serikali huiheshimu karatasi kuliko sauti. Ndiyo maana daftari la kitongoji halikuwa mchezo.

Kwenye kamati, kila diwani anataka ya Fedha, kwa kuwa inakaa kila mwezi na ina posho za vikao. Mgeni kutoka kijijini mara nyingi hufaa zaidi kuanzia kamati ya elimu, afya na maji au ya uchumi na ujenzi: huko ndiko kuna ziara za miradi, na katika ziara anawajua madiwani wa kata nyingine, barabarani, kwenye gari moja, wakila muhogo wa kuchoma. Kura ya mwenyekiti wa halmashauri hupigwa na madiwani wenyewe, baada ya kikao cha madiwani wa chama. Hapigiwi aliyezungumza sana. Anapigiwa yule aliyewahi kumwachia mwenzake zamu ya mradi. Makamu huchaguliwa kila mwaka, na kiti hicho ndicho njia ya kawaida ya kujaribiwa.

Wanawake wana njia ya ziada na mtego wa ziada. Viti maalum visivyopungua theluthi moja vinawaingiza barazani kupitia jumuiya ya chama, bila gharama ya kampeni ya kata. Mtego ni kwamba hawana kata ya kuwatetea, na watu huwaita "wa kuteuliwa" hata wakifanya kazi ya wawili. Wale waliopanda walichagua kata mapema, wakaifanyia kazi kana kwamba ni yao, wakafuatilia vikundi vya mikopo na vyumba vya kujifungulia, kisha kipindi kilichofuata wakagombea kata hiyo wakiwa na rekodi ambayo diwani aliyepo hakuwa nayo.

Limebaki deni. Kwa miaka mingi posho ya mwezi ya diwani ilikuwa shilingi 350,000, na kuanzia mwaka wa fedha 2021/22 Serikali Kuu ilianza kuilipa kwa halmashauri nyingi zenye mapato madogo, ili isicheleweshwe. Zidisha kwa miezi 60: milioni 21 kwa kipindi chote, kabla ya kula. Sasa mtu ameuza ng'ombe wanane, amekopa kwenye kikoba cha mkewe na kwa mfanyabiashara wa mazao, jumla milioni 30, ili apate kiti hicho. Mfanyabiashara hakumkopesha kwa mapenzi. Mwaka wa kwanza ataleta kokoto kwenye mradi wa zahanati, mwaka wa pili atataka ushuru wa mazao ulegezwe mnadani, na diwani hana sauti ya kukataa. Waliobaki wima walikuwa na kitu kinachowalisha nje ya siasa: shamba la mahindi la ekari sita, mashine ya kusaga, duka la pembejeo, mizinga ya nyuki. Tena waliandika bajeti ya kampeni kwenye karatasi moja, wakaweka kikomo, na mweka fedha akapewa ruhusa ya kuwakatalia hata wao.

Ubunge baada ya hapo? Wachache hujaribu, na ugumu unaanza palepale ambapo nguvu yao inaishia. Kata ni watu wanaokujua kwa jina la baba. Jimbo lina kata 15 au 25, na katika nyingi kati ya hizo wewe ni picha kwenye bango. Unashindana na mwalimu mkuu mstaafu, mwanasheria wa Dar es Salaam aliyerudi na Land Cruiser, na mkuu wa wilaya aliyetumikia mikoa mitatu. Mwenyekiti wa halmashauri aliyezunguka kata zote kwa miaka mitano kukagua miradi ndiye pekee wa ngazi ya kijiji anayeweza kusimama nao, kwa kuwa kila kata ina zahanati au daraja ambalo watu wanakumbuka alikuja siku gani, alivaa viatu gani, na alipanda ngazi ya fundi kuangalia mbao za kenchi au alibaki chini kwenye kivuli akinywa soda.